Silinda ya Tatu

Karakanani, Njombe
Mchana

Yeremia mwanangu,

Misheni walitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Nitasemaje hivyo na wewe uko hapo nje ya mlango, nakusikia unapasua kuni za mama yako kana kwamba zimekutukana? Hizo zilizopo zitamfikisha Pasaka. Nyingine niachie mimi, mzee wako bado ana mabega.

Najua unajiuliza kwa nini nimejifungia humu mchana kweupe na moto wa kufulia chuma umezimwa. Wateja nimewaambia mgongo unaniuma. Mgongo hauumi hata kidogo. Nimekaa juu ya gogo la fuawe, daftari liko gotini, na kila nikiandika mstari mmoja naamka kuzunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkono huu umezoea nyundo, kwa hiyo ukiona herufi zimelala kifudifudi, zivumilie.

Kesho asubuhi tunapanda lori hadi Makambako, nawe utapata basi la Iringa. Mambo ya blanketi, na soksi, na usilale na nguo mbichi, mama yako Marta ameshakwambia mara tatu, na kabla ya kesho atakwambia ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina neno moja tu, nimelikalia miaka kumi na tisa, na limeniozea tumboni.

Jana nilifungua sanduku lako. Ndiyo, nilifungua, usinune. Nilitaka kukuwekea ile tupa ndogo ya Kijerumani ya kusugulia chuma, unayonificha kila wiki, nikaona bora nikupe uache wizi. Chini ya shati lako la kanisani nikakuta kifurushi cha gunia kimefungwa kwa kamba ya ngozi. Sikuhitaji kukifungua. Kamba ile niliikata mimi. Ndani mna vipimo vya bati, vipande saba, na ufito mmoja wa chuma, vya kutengenezea silinda ya bastola, lile gurudumu nene lenye matundu sita ya risasi linalozunguka kila ukifyatua.

Ulivikuta darini tulipokuwa tunabadilisha nyasi za paa. Ukashuka ngazi mbio, macho yanakung'aa. "Baba! Kumbe unavyo!" Kisha ukaniambia habari za yule bwana wa duka la bunduki Iringa anayekuajiri, kwamba ana kabati zima la bastola za namna hiyo, zote zimekufa silinda, na kiwanda cha Uingereza kiliacha kuzitengeneza zamani. Ukaniuliza, "Baba, kitu walichokiacha wao, hakiwezi kurudi?" Nikakwambia shika nyasi, mvua inakuja. Ukaniuliza tena Jumapili tukitoka kanisani, nikaenda zangu kilabuni kwenye ulanzi, nikarudi natafuta mlango upande wa dirisha. Sasa nasikia umeshawaambia vijana wa Makambako kwamba kazi ile itarudi, na itarudi kwa mkono wako.

Basi leo nakujibu. Inaweza kurudi. Nakwambia mimi, maana nilishairudisha.

Unayoyajua ni nusu. Unajua kwamba baba yako mzazi ni mdogo wangu Elia, tumbo moja. Unajua kwamba alifariki ukiwa na miaka miwili, kwamba mama yako Tabita aliolewa tena kwao Kifanya, nawe ukabaki kwa ukoo wako, kwangu mimi baba mkubwa na mke wangu Marta, ukaniita baba kama desturi inavyotaka. Na unajua kwamba Elia aliuawa na risasi mbovu. Hivyo ndivyo ulivyoambiwa, hivyo ndivyo ilivyosemwa bomani, na mchungaji alisema hivyo hivyo kaburini. Aliyeyaanzisha maneno hayo ni mimi.

Nianzie Mdandu, la sivyo hutaelewa ujinga wangu ulitoka wapi. Babu yako alifua majembe. Hakuna jembe lililotoka kwake likaenda moja kwa moja kwa mwenye nalo. Likishapoa, alimwita mtu wa nyumbani, akalipiga mara tatu kwenye ardhi ngumu nyuma ya kiwanda cha kufulia. Yeye mwenyewe hakulijaribu kamwe. "Mhunzi hajaribu jembe lake," alikuwa akisema, "mkono wake utalionea huruma." Mjaribu wetu alikuwa Elia. Alikuwa na mabega ya fahali na hakuwa na huruma na chuma cha mtu. Akipiga mara tatu jembe likasimama, alisema, "Limebatizwa, lipelekeni." Likivunjika, alicheka mpaka akae chini.

Na kulikuwa na desturi ya pili. Jembe likipasuka msimu wa kwanza, mwenye nalo alilirudisha, na babu yako alilifua upya bila kudai hata yai. Hakuona aibu. "Udongo ndio unaojua," alisema. Nilishamwona akiona ufa mwembamba kwenye jembe, akaliacha liende tu, kwa sababu nyufa nyingine hazifiki popote, na zikifika, jembe litarudi. Nani ameumia? Mama mmoja amepoteza asubuhi moja. Mimi nilikua nikiamini hivyo: kitu kibovu hurudi kwa fundi. Sikuwahi kujiuliza kama ni kila kitu.

Vita ya Mjerumani ikanichukua. Nilibebeshwa mizigo kama wenzangu, mpaka fundi mmoja wa silaha akaona najua kushika koleo, akanivuta kwake. Huko ndiko nilikojifunza matumbo ya bunduki na bastola. Vita ilipokwisha nikafungua karakana hii. Plau, kufuli, baiskeli, na kwa kuwa sifa zilienea, bunduki za walowezi pia. Elia akanifuata kutoka Mdandu, akajenga pale juu, akamwoa Tabita, akakupata wewe. Tulikuwa watu wenye furaha, Yeremia. Naandika hivyo ili ujue kwamba iliwahi kuwepo.

Kulikuwa na mzungu mmoja wa shamba la ngano, mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, watu walimwita Bwana Subiri kwa kuwa kila ukimwambia jambo alijibu "subiri". Bastola yake ilipasuka silinda. Akaandika Uingereza kiwandani. Akasubiri kweli kweli, miezi. Siku moja akaja hapa, barua mkononi, uso umemshuka.

"Zakaria," akasema, "wamekataa."

"Wamekataa nini, Bwana?"

"Hawaitengenezi tena. Aina hii waliiacha. Mashine wamezipa kazi nyingine, na vipimo vyake wameviyeyusha."

"Si waanze tena?"

Akacheka kwa uchungu. "Waanze kiwanda kwa ajili ya mtu mmoja wa Njombe? Kitu kikishaachwa kimeachwa. Wale mafundi waliokijua wamezeeka, wengine wamekufa. Hakirudi."

Nikaishika ile bastola, nikaigeuza geuza. Nikasema, "Kwao hakirudi. Kwangu kitarudi."

Elia alikuwa pale pale kwenye mivukuto. Bwana Subiri alipoondoka, akaniambia, "Kaka, kichwa chako kikiendelea hivi kitakosa kofia." Nikamwambia avukute moto aache maneno.

Nilitumia ekseli ya lori lililopinduka mteremkoni kule Makambako. Chuma kizuri, kigumu, nilijisifu mwenyewe kwa kukipata. Nilikikata, nikakitoboa matundu sita kwa keke ya mkono, nikakipiga tupa mpaka vidole vikatoa damu. Majuma matatu. Nilipomaliza sikuifyatua mimi. Kwa nini niifyatue? Mhunzi hajaribu jembe lake. Nikamwita mdogo wangu. Akasimama kule nyuma, penye korongo, akalenga debe bovu, akapiga mara tatu. Ikashika. Akanigeukia, meno yote nje. "Limebatizwa, lipelekeni!"

Ee, mwanangu, siku hiyo nilitembea Njombe nzima bila shughuli yoyote, ili watu wanione. Bwana Subiri alinishika mkono mbele ya karani wa boma. Akawaambia wenzake. Mlowezi wa pili akaleta ya kwake, aina ile ile. Hapo ndipo nilipokata vile vipimo vya bati, ili nisipime upya kila mara, ili silinda ya pili ifanane na ya kwanza, na ya kumi ifanane na ya pili. Unaona nilikokuwa naelekea? Wenye kiwanda wameacha, mimi Zakaria wa Mdandu nimeanza. Nilianza hata kufikiria muhuri wa kugonga jina langu. Ya pili Elia akaibatiza, ikatoka salama.

Ya tatu ilitoka kwenye ncha ya ile ekseli. Mgeni wa Bwana Subiri aliitaka kabla ya Jumamosi, anasafiri, nami niliahidi. Nilipoichovya majini, ikiwa nyekundu vile vile kama tulivyochovya majembe, nikasikia mlio mdogo. Tiki. Wewe sasa ni fundi, unaujua mlio huo. Nikaitoa, nikaipangusa, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kati ya tundu na tundu kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele wa mtoto.

Niliuona, Yeremia. Naandika tena ili usije ukafikiri kalamu imeteleza. Niliuona.

Nikasimama pale mlangoni muda mrefu. Nikafikiria majuma yangu matatu, Jumamosi, na sifa zangu. Kisha kichwani mwangu ikaja sauti ya babu yako, nyufa nyingine hazifiki popote. Udongo ndio unaojua. Elia ataijaribu, ikishindwa itarudi, nitafua nyingine. Nikaibana jiliwani, nikachukua tupa, tupa hii hii niliyokuwekea sandukuni, nikaupitia ule mstari taratibu mpaka ukapotea machoni. Nikapaka mafuta. Watu wanadhani Elia aliuawa kule korongoni. Mimi namjua aliyemuua na saa aliyomuua, alikuwa amesimama jiliwani ana tupa mkononi.

Nikamwita. Alikuwa amekubeba wewe mabegani, ukamshika masikio kama usukani wa lori. Akakushusha, akamwita mama yako Marta akuchukue. Akaipokea bastola, akaipima uzito kiganjani. Yule mtu hakuwahi kuniuliza swali juu ya kazi yangu hata siku moja, sijui siku ile alikuwa na nini.

"Imekaa sawa, kaka?"

Nikamjibu, "Imekaa. Piga."

Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikaanza kutabasamu, Mungu anisamehe, nikajisemea kimoyomoyo, unaona, ufa haukufika popote. Ya tatu ikapasuka mkononi mwake. Kiganja cha kulia kilikwenda, na kipande kimoja kiliingia hapa chini ya taya.

Tulimbeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni, wanaume wanne tukipokezana, mvua inatunyeshea. Mimi sikukubali kupokewa. Njiani alikuwa anazungumza, damu inamtoka, anazungumza kwa Kibena kama tulivyokuwa watoto. Mara akanitazama, akasema Kiswahili, sijui kwa nini Kiswahili, labda ili wenzetu wote wasikie, "Kaka, ni risasi zile mbovu. Usijilaumu."

Elewa hapo, mwanangu. Yeye ndiye aliyenipa uongo ule. Alinipa akiwa anakufa, kwa huruma, kama mtu anayemvisha mwenzake koti lake. Nami nikalivaa. Nikasema, "Ndiyo, Elia, risasi mbovu." Alifariki siku ya nne. Alikufa akiamini hivyo, au alikufa akijua na akaninyamazia. Sijui. Hilo ndilo linalonila. Ningempa mkono huu mmoja mtu ambaye angeniambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Bwana Shauri wa boma aliuliza, nikasema risasi. Bwana Subiri naye akasema risasi zile alizoniletea kweli zilikuwa za zamani, akaona haya, akazitupa mtoni boksi zima. Alikwenda kwa Tabita na ng'ombe mmoja kumpa pole. Mzungu wa watu akabeba kosa langu kwa mguu wake mfupi, nikamwacha alibebe. Shauri likafungwa. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba vizuri sana kwa tupa, nikajenga kaburi.

Baada ya hapo nikaacha. Wazungu walikuja kuniuliza, "Fundi, ile kazi yako itarudi lini?" Nikawajibu kama kile kiwanda kilivyojibu: nimeiacha, vipimo vimepotea. Kumbe vilikuwa darini juu ya kichwa changu. Mara nyingi nimewafikiria wale watu wa Uingereza nisiowajua. Tuliambiwa waliacha kwa sababu ya mashine na faida. Labda. Lakini nami watu wangekwambia nimeacha kwa sababu ya uzee wa macho. Sijui kama nao kule hawakuwa na Elia wao.

Kuna mambo mawili nataka uyapate mkononi mwako, maana ni yako na niliyashikilia.

La kwanza ni ile fimbo. Unaikumbuka, hata kama hujawahi kuitaja. Ulifua jembe lako la kwanza, ukamuuzia yule mama wa Uwemba, nami nikaona lina ufa karibu na mpini. Nilikuchapa mpaka Marta akaja kunishika mkono. Kisha nikatoka mbio kwa miguu kumfuata yule mama, nikamkuta karibu na kwake, nikamnyang'anya jembe mbele ya watoto wake kama mwizi. Ulilia usiku kucha, ukasema, "Si babu alikuwa anasema jembe litarudi?" Hukukosea lolote. Ulifuata desturi ya kwenu. Fimbo ile ilikuwa yangu, nikakupa wewe. Nisamehe, mwanangu. Miaka yote hii nimeshindwa kusema maneno hayo mawili kwa sababu ungeniuliza kwa nini.

La pili ni la kanisani. Wewe ulipopata kipaimara, ulinikuta nimekaa benchi la nyuma, wenzangu wote wamekwenda Meza ya Bwana. Umeona hivyo kila mwaka. Watu wanasema Zakaria ulanzi unamzuia. Mchungaji alishanifuata mpaka hapa karakanani, nikawa napiga nyundo nisimsikie mpaka akachoka akaondoka. Si ulanzi. Nitakwendaje kupokea kwa mkono huu mbele ya watu wanaoniita mlezi wa yatima? Kila nikisikia, "Mungu ambariki Zakaria, kamlea mtoto wa ndugu yake," natamani sakafu ipasuke. Nakulea kwa sababu nakupenda, hilo ni kweli, nakupenda kuliko niwezavyo kuandika. Lakini yatima nilikufanya mimi.

Sasa rudi kwenye swali lako. Unauliza kama kitu kilichoachwa kinaweza kurudi. Chuma kipo, maekseli yamejaa barabarani siku hizi. Vipimo vipo. Mkono wako ni bora kuliko wangu, na huko Iringa wana keke za umeme. Kitarudi, tena kizuri kuliko changu. Siwezi kukudanganya kwamba hakiwezekani, uongo mmoja umenitosha maisha. Kile ambacho mimi sikuwa nacho hakikuwa chuma wala kipimo. Sikuwa na moyo wa kuitupa korongoni kazi ya majuma matatu kwa ajili ya unywele, mteja anasubiri, watu wananisifu. Kama unao, mimi sijui. Nami nilidhani ninao. Na huko utakapofikia utazungukwa na watu wanaosema haraka, Jumamosi, bwana anasafiri, na hakuna hata mmoja wao atakayeishika bastola ile mkononi siku ya kwanza. Atakayeishika ni mtu anayekuamini. Daima ni mtu anayekuamini.

Wala sikukatazi. Ningekukataza kwa haki gani? Nilitaka kuvichoma vile vipimo jana. Nilivishika, moto ulikuwa unawaka, nikavirudisha. Nimechoka kuficha. Ningevichoma ungesema tu baba ana wivu na kijana wake, ukakata vingine, na usingejua kwa nini nilivichoma.

Kwa hiyo viko sandukuni, chini ya shati, kama ulivyoviweka. Juu yake nimeweka kitu kingine, kimefungwa kwa kitambaa cha buluu. Kilikuwa ndani ya ukuta huu wa karakana, nyuma ya mivukuto, tangu juma lile. Ni nusu ya silinda ya tatu. Kitoe nje kwenye jua, kigeuze upande wa ndani wa tundu, pale ambapo tupa yangu haikufika. Utaona ufa ulikuwepo kabla ya kupasuka, una kutu yake ya maji, rangi tofauti na chuma kilichovunjika upya. Fundi yeyote atausoma. Mtu wa bomani angeusoma pia, ndiyo maana niliuficha. Ukitaka kukipeleka bomani, kipeleke. Mimi nitakuwa hapa, sitakimbia.

Mwanzo nilikusudia kuiweka na barua hii sandukuni, uje uisome Iringa nikiwa mbali na macho yako. Nimeona hiyo ni tupa nyingine na mafuta mengine. Nitatoka sasa hivi nikupe mkononi kabla hatujala, nichukue hilo shoka, nipasue kuni zilizobaki wewe ukisoma. Usiniangalie usoni mpaka umalize.

Kesho sanduku lako nitalibeba mimi, hata kama hutataka kukaa nami lorini. Pale Makambako ukiniita baba, nitaitika. Ukiniita Zakaria, nitaitika pia. Basi likiondoka nitageuza, nitapita hapa Njombe bila kukaa, niende Kifanya kwa Tabita nikamwambie haya haya kwa mdomo, maana yeye hajui kusoma. Mume wake ana hasira, nimesikia. Asiponifungulia mlango nitayasemea nje, na majirani wasikie.

Nimesikia umeacha kupasua. Labda umechoka, au unajiuliza huyu mzee anafanya nini humu. Nakuja.

Nabakiwa na jambo moja, na hili si lako, lakini naliandika kwenye barua yako kwa sababu wewe ndiye uliyebaki wa kulisikia. Kuna mtu aliniuliza swali kule korongoni, bastola iko mkononi, mwanawe ametoka kushuka mabegani, nami nikampa jibu la uongo.

Haikukaa sawa, Elia. Haikukaa sawa, mdogo wangu. Nilikuwa najua.

Zakaria